Ukuta Haukauki kwa Kufunikwa

Nyumba aliyotuachia Bibi iko Malindi, katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, ndani ya kichochoro ambacho mkokoteni hupita kwa taabu. Imejengwa kama nyumba nyingi za mji ule: kuta za mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa na udongo mwekundu, unene wake sentimita 55 hivi, sakafu za juu na dari zimebebwa na boriti za mikoko zilizopangwa karibu karibu, na vyumba ni virefu na vyembamba, kwa sababu boriti ya mkoko haivuki zaidi ya mita tatu hivi, kwa hiyo upana wa chumba huamuliwa na mti. Nilizaliwa humo, na mwaka 2008, Bibi alipofariki, jamaa walinikabidhi uangalizi wa nyumba kwa kuwa ni mimi niliyekuwa nikiishi humo siku zote. Katika miaka sita ya mwanzo niliiharibu nyumba ile huku nikidhani ninaitengeneza. Ninaandika haya kwa sababu naziona nyumba za majirani zikiharibiwa kwa njia ile ile, tena na watu wanaozipenda.

Bibi hakuwahi kunieleza habari za unyevu. Alikuwa na mazoea yake tu, na sisi tuliyatii bila ya kuuliza. Kila mwaka kabla ya masika kijana mmoja wa nyumbani alipandishwa juu ya paa kuondoa majani na viota vya kunguru vilivyoziba magata, ile mifereji inayopokea maji ya paa. Mwezi wa Shaabani kuta za chini zilipakwa chokaa ili Ramadhani iingie nyumba ikiwa safi. Hakuna kabati lililogusa ukuta. Mtoto aliyeangusha kitu nyuma yake aliweza kupenyeza mkono akakiokota. Upepo wa kaskazi, ule unaovuma kuanzia Desemba hivi, ulipoanza, masanduku yalifunguliwa, kanga na mashuka yakaanikwa juani, na vitabu vikapangwa juu ya meza kivulini, kurasa zimeachwa wazi zipigwe na upepo. Nilidhani ni usafi wa mtu mzima mwenye nafasi. Alipoondoka Bibi, mazoea hayo yaliondoka naye, na sikuona tofauti yoyote kwa muda wa miezi minane au tisa.

Masika ya mwaka 2009 ndiyo yaliyonifumbua macho, ingawa niliyoyaona niliyaelewa vibaya. Ukumbi wa chini ulianza kunuka uvundo, harufu ile inayokaa kwenye nguo hata baada ya kufuliwa, na shangazi yangu akawa anafukiza udi asubuhi na jioni. Udi uliifunika harufu kwa saa mbili, kisha ikarudi. Ukuta ulikuwa umelowa kutoka sakafuni mpaka usawa wa kiuno, chokaa ikibambuka vipande vipande kama magamba, na nyuma ya kabati, ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nimelisukuma mpaka likagusa ukuta ili kupata nafasi ya viti, palikuwa pameota ukungu mweusi. Ndani ya kabati hilo nilikuta kitabu cha marehemu babu ambacho kurasa zake zilikuwa zimegandana. Nilipojaribu kuzitenganisha, wino wa ukurasa mmoja ulibaki juu ya ukurasa wa pili. Nililia siku ile, na kwa hasira nikaazimia kulimaliza jambo lile mara moja.

Fundi niliyemwita alinipa jibu ambalo wengi wetu tumelisikia: chokaa imechoka, ibanduliwe yote mpaka kimo cha mita moja na nusu, ipigwe lipu ya saruji, kisha ipakwe rangi ya mafuta inayosafishika kwa kitambaa. Hoja yake ilikuwa kwamba saruji haipitishi maji. Niliona ni hoja isiyo na shaka. Kazi ilichukua siku tisa, ukumbi ukang'aa, harufu ikatoweka, na wageni wakanisifu.

Ulidumu mwaka mmoja na miezi michache. Masika ya pili yalipokatika niliona mstari wa rangi ya chai ukipita ukutani juu kidogo ya pale lipu ya saruji ilipoishia. Mwaka uliofuata mstari ulikuwa umepanda karibu na zidaka, vile vishubaka vya chokaa vilivyochongwa ukutani ambamo Bibi alipanga sahani zake za kaure, na kingo zake zikaanza kumomonyoka zikawa unga. Chini, rangi ya mafuta ilivimba ikafanya malengelenge. Nilipotoboa moja kwa kucha, maji yalitoka. Nilimwita fundi mwingine, naye akaniambia kosa la mwenzake lilikuwa kimo tu, lipu ipandishwe zaidi. Nikakubali tena.

Nilichokuwa sikijui ni jambo ambalo utambi wa taa ungeweza kunifundisha. Tumbukiza ncha ya utambi katika mafuta, nayo mafuta hupanda yenyewe mpaka juu bila ya kusukumwa na mtu. Jiwe la matumbawe lina vitundu vingi vidogo, na udongo mwekundu na chokaa vinavyoliunga ni hivyo hivyo, basi ukuta unaosimama juu ya ardhi yenye maji huyavuta maji kama utambi. Na ardhi ya Malindi haikosi maji: bahari ipo hatua chache, na upande wa Darajani palikuwa na hori lililoingia mpaka nyuma ya mji kabla halijajazwa udongo. Maji yanayopanda ukutani hayapandi mpaka juu kabisa, kwa sababu njiani yanatoka nje ya ukuta kama mvuke, na pale kasi ya kutoka inapolingana na kasi ya kupanda ndipo mstari wa unyevu unapokaa. Ukuta uliopakwa chokaa hupumua uso wake wote, kwa hiyo maji hutokea chini chini. Ukiuvika saruji na rangi ya mafuta, unaziba njia ya kutokea lakini huzibi njia ya kuingilia. Maji yanaendelea kupanda mpaka yapate mahali palipo wazi, na kwangu mahali hapo palikuwa ni juu ya saruji, kwenye zidaka za Bibi.

Tena maji hayo hayapandi peke yake, yanapanda na chumvi. Maji yakishakauka, chumvi hubaki, ikawa punje, na punje zinapokua ndani ya vitundu vya chokaa huzisukuma kuta za vitundu hivyo mpaka zikavunjika. Ndiyo sababu chokaa iliyolowa chumvi hugeuka unga. Kwa miaka kadhaa nilikuwa nikiuosha ule unga mweupe kwa kitambaa cha maji, na kila nikiuosha ulirudi baada ya wiki, kwa sababu maji yangu yaliiyeyusha chumvi na kuirudisha ndani ya ukuta. Sasa ninaufagia kwa brashi kavu, ninaukinga kwa karatasi, na kuutoa nje ya nyumba kabisa. Ni jambo dogo, na ningalilijua mapema ningaliziokoa zidaka mbili.

Mwaka 2014 jambo likawa kubwa. Sakafu ya chumba cha juu ya ukumbi ilianza kuzama upande mmoja, kiasi cha kwamba gololi ya mtoto ukiiweka katikati ilibiringika yenyewe mpaka ukutani. Nilipanda ngazi nikatazama ncha za boriti pale zinapoingia ndani ya ukuta. Kwa macho zilikuwa nzima, nyeusi, ngumu, kama zilivyokuwa utotoni mwangu. Nilichukua kisu cha jikoni nikakisukuma kwenye ncha ya mojawapo, nacho kikaingia mpaka mpinini kama kinavyoingia kwenye muhogo uliochemshwa. Boriti nne zilikuwa hivyo. Mkoko ni mti mgumu unaostahimili mengi, lakini ncha yake ikikaa miaka ndani ya ukuta uliolowa usiopata hewa huoza kuanzia ndani, na mchwa hufuata pale penye unyevu.

Jirani mmoja alinipeleka kwa mzee ambaye alikuwa mwashi tangu ujana wake na ambaye alikuwa ameshaacha kazi. Nilimsihi aje atazame tu. Alipofika hakutazama ukumbi kwanza. Alizunguka nje, akainua macho kwenye paa, akainama kwenye kizingiti, akauliza bafu liko upande gani. Ndipo akaingia ndani na kuugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, kidogo kidogo, kutoka chini kwenda juu. Penye saruji palitoa mlio wa kibuyu kitupu.

"Mwanangu," akaniambia, "nyumba hii umeiziba pumzi."

Akaomba tindo na nyundo, akabandua kipande cha saruji ukubwa wa sinia. Kilitoka chote kwa pigo la tatu, kwa sababu hakikuwa kimeshika chochote. Nyuma yake ukuta ulikuwa mweusi kama masimbi ya kahawa. Udongo uliounga mawe ulikuwa umekuwa uji. Mzee alitia kijiko cha chai baina ya mawe mawili akakitoa kimejaa. Nilikuwa nimesimama pale nikatazama kile kijiko, nikafahamu kwamba miaka yote mitano maji yalikuwa yamesimama ndani ya ukuta wa Bibi na kwamba mimi ndiye niliyeyafungia mlango.

Mzee hakuniruhusu kuanza na ukuta. Alisema ukuta ni wa mwisho, na kwamba anayeanza kutibu ukuta kabla ya kujua maji yanatoka wapi atautibu kila mwaka. Wiki tatu za mwanzo tulifanya kazi ya kufuatilia maji tu, na nikiulizwa leo ni kipindi gani kilichonifaa zaidi, nitasema ni wiki zile tatu ambazo hapakuguswa hata jiwe moja.

Tulianza juu. Alinifundisha hesabu ambayo tangu siku ile sijaisahau: milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa letu la mabati lina mita za mraba 120 hivi. Siku moja ya masika yenye mvua ya milimita 50, ambayo si ajabu Unguja, inaliangushia paa hilo lita 6,000, na lita zote hizo zinategemea magata na bomba mbili za kuteremshia. Bomba moja ilikuwa imeziba kwa majani na kiota cha kunguru tangu mwaka ambao hakuna aliyeukumbuka. Mvua iliponyesha nilitoka nje na mwavuli, nikayaona maji yakifurika kutoka kwenye gata na kuteremka ukutani kama pazia, tena ni ule ule ukuta wa ukumbi. Nilikuwa nimeishi miaka yote katika nyumba ile bila ya kutoka nje wakati wa mvua kubwa kuutazama ukuta wangu. Namsihi kila mwenye nyumba ya zamani afanye hivyo walau mara moja: atoke mvua ikiwa imepamba moto, aizunguke nyumba yake, na atazame maji yanapita wapi. Milizamu ya kale, ile midomo ya kumwagia maji mbali na ukuta, ilikuwa imekatwa wakati bomba zilipofungwa, kwa hiyo hata tone lililotoroka gata halikuwa na pa kwenda isipokuwa ukutani.

Kisha tukatazama chini. Kichochoro chetu kimewekwa tabaka juu ya tabaka kwa miaka mingi, na kizingiti ambacho zamani ulikipanda kwa hatua sasa kiko karibu sawa na njia. Maji ya mvua yalisimama palipo na baraza. Baraza za nyumba zetu hazikujengwa kwa ajili ya mazungumzo na bao peke yake. Zinaukinga mguu wa ukuta usirukiwe na maji ya mvua, na njia ikifurika watu hupita juu yake. La kwetu nililivika saruji ile ile mwaka 2009, likapasuka pale linapokutana na ukuta, na ufa huo wa upana wa kidole ulikuwa ukinywa maji kila mvua.

Kilichokuwa kigumu zaidi kilikuwa bafu la juu, na ugumu wake haukuwa wa ufundi. Zamani watu waliogea kwa ndoo na kata, na maji yalikuwa machache, mara mbili kwa siku. Binamu yangu alipooa aliweka bomba la mvua la kuogea na vigae, na watu saba wakawa wanaoga humo. Vigae vimewekwa kwa saruji juu ya sakafu ya chokaa inayobebwa na boriti. Sakafu hiyo hutikisika kidogo kila mtu anapopita, saruji haiwezi kutikisika nayo, kwa hiyo ikafanya nyufa nyembamba zisizoonekana kwa macho. Mzee alifunga tundu la maji kwa kitambaa, akajaza maji kimo cha vidole viwili, akaweka alama ya penseli, nasi tukaondoka. Baada ya saa sita maji yalikuwa yamepungua nusu na dari ya chini yake ilikuwa inatona. Ilibidi kiitwe kikao cha familia, kwa kuwa hakuna anayependa kuambiwa kwamba bafu lake ndilo linalooza nyumba ya wote, na vikao vilikuwa vinne kabla ya kukubaliana kwamba bafu lihamie chini, kwenye ua, penye sakafu iliyo juu ya ardhi. Ninawaambia wenzangu wanaokaa katika nyumba za urithi wasione vikao hivyo ni upotezaji wa wakati. Nyumba ya watu wengi huoza haraka kwa sababu kila mmoja hungoja mwenzake aanze.

Palibaki chumba cha shangazi, ambacho kilikuwa na unyevu mahali pasipo na bomba, paa wala mguu wa ukuta. Mzee alichukua kipande cha nailoni ukubwa wa kitabu akakibandika ukutani kwa gundi ya karatasi pande zote nne, tukakiacha siku mbili. Nailoni ikilowa upande unaotazama ukuta, maji yanatoka ukutani; ikilowa upande unaotazama chumba, yanatoka hewani. Ilikuwa imelowa upande wa chumba. Shangazi alikuwa amewekewa kiyoyozi na mwanawe kwa mapenzi, naye alikiwasha usiku huku mlango wa ukumbini ukiwa wazi, basi hewa nzito ya masika iliingia, ikakutana na ukuta uliopoa, ikaacha maji yake pale kama inavyoyaacha nje ya gilasi ya maji ya barafu. Kiyoyozi hakikuondolewa. Kiliongezwa joto kidogo, mlango ukafungwa, na kabati likasogezwa mbali na ukuta kwa upana wa mkono, kama Bibi alivyotaka.

Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na kazi ya namna hii haifanywi bila ya kibali cha mamlaka ya uhifadhi wa mji. Tulikipata, na Desemba ya mwaka 2014 tukabandua saruji yote. Ukumbi ulibaki mawe matupu, na hapo ndipo subira yangu ilipojaribiwa. Mafundi wa majengo ya kale hukadiria kwamba ukuta mnene hukauka sentimita mbili na nusu hivi kwa mwezi. Ukuta wa sentimita 55 unaopata hewa pande zote mbili, basi, unataka karibu mwaka mzima. Jamaa hawakuridhika. Tulikuwa na harusi mwezi wa Machi, na wageni walikaa katika ukumbi wenye mawe yanayoonekana na vumbi jekundu linaloanguka mabegani. Mmoja wa mama zangu wadogo alitundika mashuka meupe ukutani kwa aibu, nami nikayashusha usiku baada ya wageni kuondoka, kwa sababu ukuta ulihitaji hewa hata siku ile. Tulingoja mpaka kaskazi iliyofuata.

Wakati ukuta ukikauka, chokaa nayo ilikuwa inaloweka. Nieleze kidogo, maana vijana wengi wanaijua chokaa kama unga wa mfuko tu. Jiwe la matumbawe likichomwa kwa moto mkali wa magogo, wa nyuzi 900 hivi, hupoteza hewa iliyofungwa ndani yake na kubaki jiwe jepesi lenye kiu. Likimwagiwa maji hufoka, huchemka na kupasuka likawa uji mweupe, na uji huo ni hatari: unaunguza ngozi na unaweza kupofusha jicho, kwa hiyo watoto hawakuruhusiwa kulikaribia shimo. Mzee aliuacha ndani ya shimo, umefunikwa kwa maji, miezi minne. Ukishapakwa ukutani, polepole huivuta tena hewa ile ile kutoka chumbani na kurudi kuwa jiwe. Kwa maneno mengine, ukuta hupigwa lipu kwa jiwe la aina ile ile iliyoujenga, lenye vitundu vile vile, na maji hupita kutoka jiwe hadi jiwe bila ya kukuta kizuizi.

Boriti nne zilibadilishwa, na ncha za zile mpya hazikujazwa chokaa pande zote. Mzee aliacha nafasi ndogo ya hewa kuizunguka kila moja. Kisha ikaja lipu. Kipimo kilikuwa chokaa sehemu moja kwa mchanga sehemu tatu, na mchanga wenyewe si wa ufukweni, kwa kuwa mchanga wa ufukweni una chumvi na kuupaka ukutani ni kuurudishia ukuta ugonjwa ulioutoa. Vijana wawili waliomsaidia mzee walikuwa wepesi na wenye bidii, lakini siku ya tatu nilimkuta mmoja akitia vijiko viwili vya saruji ndani ya ndoo ili lipu ishike upesi. Alishangaa sana nilipomzuia. Alikuwa amefunzwa hivyo, na kila kazi aliyoifanya kabla ya ile ilikuwa ya saruji. Sikumlaumu, kwani mimi nilikuwa nimefanya kubwa zaidi ya lile. Mzee alimkalisha chini akamwonyesha kile kijiko cha udongo niliokuwa nimeuhifadhi ndani ya kopo. Kijana yule leo ni fundi wa chokaa, na kazi haimwishii.

Lipu ya chokaa haitaki haraka. Ilipakwa tabaka tatu, kila moja nyembamba kuliko upana wa kidole, na kila tabaka ilingojwa siku kadhaa. Upepo wa kaskazi, ambao tuliungoja ukaushe ukuta, sasa ukawa tishio, kwa sababu ukiikausha chokaa upesi mno hupasuka na kuwa unga. Tulitundika magunia yaliyoloweshwa mbele ya ukuta, tukayanyunyizia maji asubuhi, adhuhuri na jioni. Mwisho tukapaka chokaa nyembamba ya maji, tabaka tano, kila moja ikiwa karibu haionekani ilipopakwa na ikawa nyeupe ilipokauka. Ukumbi ulipata ule weupe laini ambao nilikuwa nimeusahau, weupe ambao rangi ya mafuta haiwezi kuutoa, na jioni taa ilipowashwa chumba kizima kilionekana kimeongezeka.

Unyevu haukuisha. Ningependa hili lifahamike vizuri, kwa sababu mwenye nyumba anayetafuta ukuta mkavu kama wa nyumba mpya ndiye anayeishia kwenye saruji. Nyumba isiyo na tabaka la kuzuia maji msingini, iliyosimama karibu na bahari, itakunywa maji maisha yake yote. Kilichobadilika ni kwamba sasa inayanywa kidogo na inayatoa. Chokaa ya mguu wa ukuta hubambuka baada ya miaka, nasi huipaka tena. Hiyo ndiyo kazi yake, iharibike yenyewe ili jiwe libaki.

Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al Ajaib, jumba la hapa Mji Mkongwe lililojengwa mwaka 1883, ilianguka na watu wawili wakapoteza maisha. Jioni ile watu wa mtaa wetu walirudi majumbani kwao na tochi wakaanza kutazama dari zao. Walikuja kwangu watu sita kuuliza habari za boriti. Niliwapa kila mmoja jibu lile lile: chukua kisu, panda ngazi, choma ncha pale inapoingia ukutani, usiridhike na macho. Wawili kati yao waligundua walichokuwa wakikihofia, wakaweka nguzo usiku ule ule.

Nyuma ya mlango wa ukumbi kuna alama za penseli ambazo mzee alinianzishia. Kila masika yakikatika ninapiga mstari mahali unyevu ulipofika, na kuandika mwaka. Wa kwanza, kabla hatujaanza kazi, uko sentimita 170 kutoka sakafuni. Baada ya lipu mpya ulishuka hadi 90, mwaka uliofuata 60, na miaka mitatu ya karibuni umekuwa ukicheza baina ya 35 na 40. Mzee aliuona ule wa 60. Hakuuona wa 40, Mungu amrehemu. Pembe moja tu, ile ya ngazini, inakataa kushuka chini ya mita moja. Ukuta wa pale ni wa shirika na jirani, na upande wake kuna lipu ya saruji iliyopigwa mwaka juzi. Nimeshazungumza naye mara mbili, na amekubali tutoe kipande kimoja, ukubwa wa sinia, kaskazi itakapoingia. Kopo la udongo lipo rafuni, na kijiko pia.